Mshipi wa Ratili Ngapi kwa Muski? Kuchagua Mshipi, Kujaza Rili na Kufunga Lida

Anayeanza kuvua muski, samaki mkubwa wa meno makali wa maji baridi ya Marekani Kaskazini, huja na swali hili karibu kila mara: samaki mwenyewe ana ratili 15 au 20, akizidi sana 40, kwa nini naambiwa ninunue mshipi wa ratili 80? Huu wa 30 nilio nao hautoshi?

Hautoshi, na sababu si uzito wa samaki. Muski aliyeandikwa na IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, kuwa rekodi ya dunia, aliyevuliwa na Cal Johnson karibu na Hayward, Wisconsin, mwaka 1949, alikuwa na ratili 67 na wakia 8. Hata huyo, ungemning'iniza kwenye mshipi mzima wa ratili 80, usingekatika. Kinachokata mshipi wa muski ni chambo. Unarusha kitu cha wakia 3, cha wakia 8, hata cha wakia 16, kimejaa ndoana kubwa za meno matatu, na unakirusha kutwa nzima. Rili ikitatizana katikati ya mrusho, yaani mshipi ukijifunga ndani yake, chambo kinakwenda kwa kasi huku mshipi umesimama ghafla. Hapo ratili 30 hukatika kama uzi wa kushonea, na chambo ulichokinunua kwa bei ya kuuma kinatua ziwani peke yake.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: bredi (mshipi wa kusuka) ya ratili 80, na lida (kipande kifupi kati ya mshipi na chambo) ya floro, yaani uzi mnene wa fluorokaboni, ya ratili 130. Ukianza hapo umeshayakwepa makosa mengi. Maelezo yanayofuata ni ya kukuonyesha lini upande au ushuke, na namna ya kufunga vitu hivyo ili namba iliyoandikwa kwenye boksi iwe na maana ukiwa majini.

Tunazungumzia hasa uvuvi wa kurusha chambo bandia katika maziwa na mito ya Minnesota, Wisconsin, Michigan na Ontario. Kama ulizoea nguru na kolekole huko pwani, au sangara wa Ziwa Victoria, mengi utayatambua, hasa habari ya waya na meno. Lakini muski ana tabia moja inayobadilisha hesabu: hakimbii mbali. Hatakumalizia mshipi kwenye rili. Vita vyake ni vifupi, vya karibu, na mara nyingi huuma chambo kikiwa futi mbili tatu tu kutoka ubavuni mwa boti.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Vipimo vya huko ni ratili, wakia, inchi na futi, nasi tutavifuata hivyo hivyo kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa kwenye maboksi. Wakia moja ni kama gramu 28; ratili moja ni kama gramu 454.

- Fimbo ya futi 8 hadi 9 na nusu, iliyoandikwa H (nzito) au XH (nzito zaidi). Juu kidogo ya mpini pameandikwa uzito wa chambo inaoumudu.
- Rili ya kukaa juu ya fimbo, ile ambayo spuli yenyewe huzunguka unaporusha, ukubwa wa 300 au 400.
- Bredi ya ratili 80, yadi 150 au zaidi.
- Mono, yaani mshipi wa plastiki wa uzi mmoja, ya ratili 15 hadi 20, mita 10 hadi 20, ya kuweka chini ya bredi.
- Lida mbili za floro, inchi 12 hadi 18, zenye swiveli (kiungo kinachozunguka) upande mmoja na klipu ya kushikia chambo upande wa pili. Nunua zilizokwisha kubanwa kiwandani. Usijifunze kubana kwa lida utakayoitegemea leo.
- Lida moja ya waya, inchi 12 au karibu na hapo.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza, inayofika angalau ratili 30.
- Mkasi mkali unaokata bredi, kitambaa, glavu ya ngozi au turubai, na miwani.
- Koleo ndefu, mkasi mzito wa kukatia ndoana, na wavu mkubwa wa kuopolea uliopakwa mpira.

Vitu vya mstari wa mwisho si vya mshipi, lakini usiende majini bila hivyo. Muski karibu wote hurudishwa wakiwa hai. Katika sehemu kubwa ya Minnesota huruhusiwi hata kubaki naye kama hajafika inchi 54. Mshipi wenye nguvu ni nusu ya kazi ya kumrudisha salama, na nusu ya pili ni kumfungua ndoana upesi.

Hatua ya 1: Pima chambo chako kizito kuliko vyote

Usiuamini mkono. Kining'inize chambo kwenye mizani pamoja na ndoana zake, kisha andika wakia zake kwa kalamu ya wino mzito kwenye boksi. Chambo cha mpira hasa hudanganya: viwili vinaweza kukaribiana kwa urefu huku kimoja kikiwa na wakia 4 na kingine 8.

Kisha soma fimbo. Ikiwa imeandikwa wakia 3 hadi 8 nawe una chambo cha wakia 12, tatizo lako si mshipi. Ama badili fimbo, ama kiache chambo hicho nyumbani. Mshipi wa ratili 100 kwenye fimbo isiyokimudu chambo huhamisha tu mahali pa kuvunjika, kutoka kwenye mshipi kwenda kwenye fimbo.

Hatua ya 2: Chagua namba ya bredi kwa uzito wa chambo

Ratili 65: vyambo visivyozidi wakia 2 hivi. Hapa wanaingia baktel wadogo, yaani chambo cha manyoya chenye visahani vinavyozunguka, na vyambo vyepesi vya juu ya maji. Tumia 65 kama rili yako ni ndogo na huna nia ya kurusha kitu kizito kwayo.

Ratili 80: kila kitu kuanzia wakia 2 hadi 8. Baktel wakubwa wenye visahani viwili namba 10, vyambo vya mbao vinavyoteleza kushoto na kulia, vyenye mdomo wa kuzamia, na vya mpira vya kati. Ukiwa na rili moja tu, weka hii.

Ratili 100: vyambo vya wakia 8 kwenda juu, hasa mpira mkubwa wa wakia 16 ambao wavuvi wengi huutumia maji yanapoanza kupoa. Pia pandisha hadi 100 kama unavua juu ya mawe makali au palipojaa kome.

Watu huuliza kama 65 haitarushika mbali zaidi kuliko 80 kwa kuwa ni nyembamba. Katika chapa nyingi tofauti ya unene kati ya hizo mbili ni ndogo mno, zote zikiwa karibu na milimita 0.4, na kwa chambo cha wakia 3 hutaiona. Ratili 15 za akiba utaziona siku rili itakapotatizana. Ndiyo maana hatushauri 50 kwa anayeanza, hata kama utamwona mzoefu akiitumia. Kidole gumba chake kimeshajua kuizuia spuli, chako bado.

Kuna na wale wanaotaka mshipi mwembamba ili samaki apate nafasi ya kupigana. Kwa samaki wengine fanya utakavyo, kwa muski usifanye hivyo. Samaki huyu akichoshwa sana anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako na kufa baadaye. Mshipi mzito humleta wavuni ndani ya dakika chache. Na maji yakifika nyuzi 80 za Fahrenheit, yaani kama 27 za Selsiasi, mwache kabisa hadi yapoe. Hakuna mshipi utakaomsaidia.

Rangi isikusumbue. Mbele ya bredi kuna lida. Chagua rangi unayoiona vizuri wewe.

Hatua ya 3: Chagua lida

Bredi haiwezi kukutana na meno. Ina nguvu ya kuvutwa, lakini ukiigusisha wembe ikiwa imekazwa, inakwenda mara moja. Meno ya muski ni wembe. Kwa hiyo hakuna kuvua muski bila lida, hata mrusho mmoja wa kujaribu.

Lida huwekewa namba kubwa kuliko bredi kwa sababu ndiyo inayolika. Kila samaki, kila jiwe na kila ndoana inayoigusa huipunguza kidogo. Lida ya 130 iliyochubuka bado inaweza kuishinda bredi ya 80; lida ya 80 iliyochubuka haiwezi.

Floro ya ratili 100 ni ya vyambo vyepesi. Floro ya 130 ni ya vyambo karibu vyote vilivyobaki. Kinachokulinda hapa ni unene: floro ya ratili 130 ina zaidi ya milimita moja, na jino huhitaji kuisaga kwa muda ili kuikata. Usishuke chini ya 80 hata mtu akikuapia.

Waya hutumika mahali ambapo lida laini huleta vurugu. Chambo kinachoteleza kushoto na kulia hupata ulegevu kila unapokipiga mkupuo mdogo, na floro hujipinda ikanaswa na ndoana ya mbele. Waya wa uzi mmoja haukunjiki, kwa hiyo hubaki mbele ya chambo. Ratili 130 hadi 175 zinafaa. Kasoro yake ni kwamba ukishapata kona, hauna tena dawa: ukiunyoosha kwa koleo utaonekana mzima, kisha utakatikia pale pale. Waya wenye kona ni wa kutupa.

Kwa chambo cha juu ya maji chagua lida fupi na nyepesi. Waya mrefu huikandamiza pua ya chambo chini, nacho hukosa mwendo.

Angalia pia klipu na swiveli. Namba ya klipu nayo ni sehemu ya mnyororo: klipu ya ratili 60 kwenye lida ya 130 inakupa lida ya 60. Klipu iwe ya waya mnene, ifungike kwa kujikita, na isifunguke ukiibinya kwa kidole bila nia.

Hatua ya 4: Weka msingi wa mono

Bredi haishiki chuma laini cha spuli. Ukiifunga moja kwa moja, pumba lote la mshipi linaweza kuzunguka juu ya spuli bila spuli kuzunguka, na utadhani breki ya rili imeharibika. Zungusha kwanza mita 10 hadi 20 za mono, kisha unganisha na bredi kwa fundo la Uni mbili: mizunguko 5 upande wa mono, 8 upande wa bredi. Lowesha kabla ya kukaza, kata vichwa vifupi. Kama spuli yako imeandikwa kuwa tayari kwa bredi, au ina ukanda wa mpira, ruka hatua hii.

Mono ya 20 chini ya bredi ya 80 haina madhara mradi bredi ya juu yake ifike yadi 100. Mrusho wa kawaida hauigusi.

Hatua ya 5: Jaza rili kwa mkazo

Hatua hii ndiyo inayofanywa kwa pupa kuliko zote, na ndiyo inayokata vyambo vingi. Bredi iliyojazwa ikiwa legelege hukaa kama uzi uliomwagwa. Ukija kuvuta kwa nguvu, safu ya juu huzama katikati ya safu za chini na kubanwa. Mrusho unaofuata mshipi hutoka mita kumi, unafika pale ulipozama, unasimama. Chambo hakisimami.

Fanya hivi. Pitisha kijiti katika kigurudumu cha bredi mpya ili kizunguke, mwenzako akishike kijiti, au kishikishwe kati ya magoti. Funika bredi kwa kitambaa kilicholoweshwa na uibane kwa vidole juu ya kitambaa, kwa nguvu kiasi cha kuona fimbo ikipinda kidogo unapozungusha mpini. Usiibane kwa vidole vitupu: bredi inayopita kwa kasi hukata ngozi kabla hujasikia joto lake. Jaza mpaka zibaki milimita 2 au 3 kufika ukingo wa spuli. Ukimaliza, bonyeza mshipi kwa ukucha. Uwe mgumu. Ukucha ukizama, utoe wote uanze upya.

Hatua ya 6: Funga lida

Fundo la Palomar ndilo la kujifunza kwanza.

1. Kunja bredi iwe mbili, urefu wa inchi 8 hivi, uipitishe kwenye tundu la swiveli.
2. Piga fundo la kawaida kwa uzi huo wa mbili, likae legevu, kitanzi kibaki kikubwa upande wa mwisho.
3. Pinda lida ya floro nyuma, ingiza klipu ndani ya kitanzi, kisha vuta lida yote ipite hadi kitanzi kivuke swiveli.
4. Lowesha kwa mate au maji. Vuta mshipi na mkia wake pamoja, taratibu, huku ukitazama nyuzi mbili zikae sambamba ndani ya tundu bila kupandana.
5. Kata mkia ubaki milimita 5.

Waya wa uzi mmoja haupindiki, basi usijaribu kuupitisha kwenye kitanzi kifupi. Tumia fundo la Uni: pitisha bredi mara mbili ndani ya tundu la swiveli, rudisha mkia ufanye kitanzi, uzungushe mkia mara 6 hadi 8 kupitia kitanzi hicho na kuuzunguka mshipi, lowesha, kaza.

Fundo lililokaa vibaya utalijua kwa macho. Uzi mmoja umepanda juu ya mwenzake, au kuna sehemu imefifia rangi kwa kusuguliwa kavu. Likate. Bredi ya inchi sita ni rahisi kuliko chambo chochote.

Hatua ya 7: Lijaribu fundo kabla ziwa halijalijaribu

Vaa glavu na miwani. Shikiza klipu kwenye kitu imara kisichoyumba, zungusha bredi kwenye kipande cha mti, uvute kwa nguvu zako zote, mwili ukikaa kando ya mstari wa mshipi. Usizungushe bredi mkononi hata ukiwa na glavu. Likikatika hapa, umepata faida.

Hatua ya 8: Weka breki ya rili kwa mizani

Shikiza mizani kwenye klipu. Mtu aishike fimbo kama anapigana na samaki, wewe vuta polepole hadi spuli ianze kuteleza. Kwa kurusha chambo, weka breki iteleze kwenye ratili 12 hadi 15.

Kwa nini kali hivyo? Muski huuma chambo akakibana kwa taya. Ndoana hazisogei mpaka nguvu yako ishinde mbano wake. Breki ikiteleza mapema, ndoana zinabaki zimeegemea mfupa, naye ataachia kinywa akipenda. Kwa nini basi usiikaze kabisa? Kwa sababu anapouma ubavuni mwa boti, unapochora umbo la namba nane majini kwa ncha ya fimbo ili kumshawishi aume, huna mshipi wowote wa kupokea mshtuko. Kuna futi mbili za bredi isiyovutika, lida na fimbo tu. Akigeuka kwa ghafla kitu lazima kiachie, na ni afadhali iwe breki.

Unaposhusha boti siku hiyo vuta tena mshipi kwa mkono. Jua na baridi hubadilisha breki, na rili iliyohifadhiwa imekazwa miezi yote ya baridi hushika kwa mikupuo badala ya kuteleza.

Hatua ya 9: Zuia kutatizana

Rili ina skrubu ya pembeni na breki ya kurushia. Ning'iniza chambo, bonyeza kitufe cha kuachia. Chambo kishuke polepole, na kinapogusa sakafu spuli isimame. Ikiendelea kuzunguka, kaza skrubu hiyo. Anza na breki ya kurushia ikiwa juu, kisha uilegeze kidogo kidogo kadiri mkono unavyozoea. Badili chambo, badili marekebisho: yaliyofaa wakia 8 hayafai baktel wa wakia 2.

Rusha kwa mwendo mpana na laini, si kwa kupiga kofi. Kabla ya kila mrusho tazama nyuma. Chambo cha wakia 8 chenye ndoana tatu ni hatari kwa mwenzako kuliko kwa samaki.

Hatua ya 10: Kagua na kukata

Kila baada ya saa moja au mbili, na kila baada ya samaki au jiwe, pitisha mita mbili za mwisho za bredi kati ya vidole. Bredi nzima ni laini na duara. Bredi iliyolika ina manyoya, imepauka, au unasikia bonde. Manyoya machache ya kawaida si kitu. Ukisikia bonde, kata juu yake na ufunge upya. Hata ikiwa safi, funga fundo jipya kila asubuhi. Kila mrusho hulipiga mahali pale pale.

Lida ya floro ipitishe ukuchani. Ikikwaruza ukucha, weka nyingine.

Katika maji yenye kome wadogo wenye milia, ukaguzi huu si hiari. Kome hao walionekana Marekani Kaskazini kwa mara ya kwanza katika Ziwa St. Clair mwaka 1988, na sasa wapo pia Mille Lacs, Minnetonka na kwingineko. Gamba lao hukata bredi iliyokazwa kwa mguso mmoja. Pale weka lida ya inchi 18 au zaidi ili floro ndiyo iguse mawe.

Ukirambaza badala ya kurusha

Kukokota chambo nyuma ya boti kuna hesabu yake. Hakuna mshtuko wa mrusho, lakini kuna boti nzima inayovuta dhidi ya samaki au gogo. Bredi ya 80 bado inafaa. Lida iwe ndefu, inchi 36 hadi 60, ya floro ratili 130 au zaidi, kwa sababu muski huweza kujiviringisha ndani ya mshipi na mapezi na magamba yake huusugua. Breki isiwekwe kwenye ratili 15: ikaze mpaka chambo kisitoe mshipi kwa mwendo unaokwenda nao, kisha ongeza kidogo tu. Boti ndiyo inayokita ndoana. Soma pia kanuni za jimbo: Minnesota kwenye maji yasiyoganda hukuruhusu mshipi mmoja tu, Wisconsin hadi mitatu.

Makosa tunayoyaona zaidi

Kununua bredi ya 80 na kuifungia lida ya paiki (jamaa wa muski) mdogo ya ratili 30, ile ya waya mweusi inayouzwa tatu kwa bei ya moja. Hiyo si lida ya muski.

Kuzungusha rili mpaka swiveli igonge pete ya ncha ya fimbo. Kauri ya ndani hupasuka ufa usioonekana, na tangu siku hiyo pete ndiyo inayokata mshipi wako.

Kukwamua chambo kwa fimbo. Kikinasa mtini, peleka boti upande wa pili wa kikwazo uvute kutoka huko. Ikishindikana, nyoosha fimbo ielekee kwenye chambo, zungusha bredi kwenye kipande cha mti, vuta kwa hicho.

Kujaza mono kwenye rili nzima kwa kuwa ni rahisi. Mono ya ratili 80 ina unene unaokaribia milimita 0.9, rili haitabeba ya kutosha, na kule kuvutika kwake hula nguvu yote uliyokusudia iifikie ndoana.

Likitokea tatizo

*Chambo kimekatika wakati wa kurusha, bila kutatizana.* Tazama mwisho wa bredi. Ukiwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza au lilifungwa kavu. Ukiwa na manyoya, bredi ililika. Pitisha pamba kwenye kila pete ya fimbo, na pete itakayonasa nyuzi za pamba ndiyo mbovu. Ukiwa umekatwa safi juu ya fundo, ni jino, jiwe au kome.

*Mshipi husimama ghafla katikati ya mrusho.* Umezama ndani ya spuli. Toa yote hadi ulipozama, kisha ujaze upya kwa mkazo. Baada ya kukwamua chambo kwa nguvu fanya hivyo kila mara: rusha mbali, uzungushe ukiwa umeibana bredi kwa kitambaa.

*Klipu imefunguka, lida imerudi nzima.* Klipu imechoka au ni ndogo. Usiinyooshe kwa koleo. Itupe.

*Samaki huuma, hukaa sekunde chache, huachia.* Pima breki kwanza; mara nyingi utakuta inateleza kwenye ratili 5 au 6. Breki ikiwa sawa, noa ndoana.

*Rili inazunguka lakini mshipi hauingii samaki akiwa amenasa.* Kaza breki kwa kiasi. Kama haibadiliki, bredi inateleza juu ya spuli; rudi hatua ya 4.

*Bredi na pete za fimbo zimeshika barafu.* Baridi ya mwisho wa msimu hugandisha maji yanayobebwa na bredi kwenye pete. Chovya ncha ya fimbo majini ili barafu iyeyuke, usiibandue kwa kucha wala koleo. Punguza kasi ya kuzungusha, pangusa mita za mwisho kwa kitambaa.

*Bredi imepauka mita 40 za mwanzo, iliyobaki ni mpya.* Usinunue nyingine. Itoe yote, uigeuze, mwisho uliokuwa chini uje juu, ujaze upya kwa mkazo. Utapata msimu mwingine kwenye mshipi ule ule.